Baba watoto kakataa matone ya polio, anasema ni chanjo ya korona imebadilishwa jina. Nifanyeje?

MamaWatatu_Igombe

Habari za jioni wapendwa, poleni na majukumu. Naombeni mawazo yenu maana hapa nilipo kichwa kimejaa na muda wenyewe hautoshi, wale wa chanjo ya matone wanapita nyumba kwa nyumba wiki hii na balozi wetu wa nyumba kumi kasema keshokutwa ni mtaa wetu.

Niko Igombe hapa Mwanza. Nina watoto watatu, wa kwanza ana miaka saba huyo hayumo kwenye zoezi, wa pili ana mitatu na kidogo, wa mwisho ana miezi kumi na moja. Mume wangu mvuvi wa dagaa, siku hizi yupo nyumbani kwa sababu ya mbalamwezi, giza likirudi anapanda mtumbwi na wenzake wanaenda visiwani. Kuna jirani kaniambia we nyamaza tu, wapeleke watoto kwake siku hiyo wapewe matone afu baba yao hatajua. Nimewaza hilo usiku kucha na moyo umekataa. Kwanza wanapakwa wino kidoleni ataona. Na hata wasingepakwa, sisi hatujawahi kuishi hivyo, akitoka ziwani hela yote ananiwekea mezani tunahesabu wote, sasa mimi nianze kumficha kitu cha watoto wake?

Shida imeanza mwaka jana 2021 hii ya korona ilipopamba moto. Kabla ya hapo hakuwa na tatizo kabisa, kliniki ya mtoto wa kwanza alikuwa ananisindikiza na baiskeli. Afu zikaja zile video za WhatsApp, mara ukichanjwa hutazaa, mara ukichanjwa unakufa baada ya miaka miwili, na kule kambini wanakaa usiku wanasubiri dagaa wapande kwenye taa, mmoja akiwa na video wote wanaiangalia. Mtoto wa mwisho alipofika miezi tisa nikamwambia nampeleka surua akasema subiri kwanza, tuone. Mpaka leo tunaona. Na huyu wa pili surua yake ya miezi 18 iliangukia 2020 wakati ule shule zimefungwa kila mtu anaogopa kukaa kwenye mabenchi ya kliniki, nikaahirisha mwenyewe, sijarudi. Hilo ni kosa langu mimi wala simsingizii yeye.

Sasa jana kasema hivi, neno kwa neno, "Korona tuliikataa ya sindano, sasa wameiweka kwenye matone wawape watoto." Hakusema kwa hasira. Alikuwa kamshika huyu mdogo anamlisha uji, mkono unatetemeka. Yani anaogopa kweli jamani, sio mkorofi. Mi sijui nimjibu nini maana na mimi sijui vizuri. Mwenye kujua anisaidie.

Kijana_Mabatini

Pole dada. Mi naungana na shemeji, kinga yetu ni Mungu. Bibi zetu walikuwa wanachanjwa wapi? Korona yenyewe tulipiga nyungu ikapita, mwarobaini, mchaichai, malimao, tukapona mtaa mzima. Msilazimishe watu.

Nesi_wa_Kliniki

MamaWatatu nimekusoma mara mbili, pole sana na hongera kwa kukataa ushauri wa jirani. Mi ni nesi, nimefanya kliniki ya mama na mtoto miaka mingi hapa mkoani na wiki hii nipo kwenye hilo zoezi, ndo nimekaa sasa hivi miguu inauma. Ngoja nikwambie ninayoyajua.

Chanjo ya korona kwa hapa Tanzania mpaka sasa 2022 wanachanjwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Mtoto hayumo. Na ni sindano ya begani, hakuna korona ya matone tunayogawa, haipo kwenye kiboksi chetu. Hayo matone ya polio ni yaleyale mwanao wa pili aliyopewa siku aliyozaliwa na wiki ya 6, ya 10 na ya 14, fungua kadi yake uone yameandikwa kabla hata hujasikia neno korona. Mwambie baba yao achukue kadi ya yule wa miaka saba, huyo ambaye alikuwa anamsindikiza na baiskeli, aangalie mstari wa polio. Ni matone ya polio vilevile, mawili mdomoni.

Swali ambalo kila nyumba naulizwa ni kwa nini sasa, mbona ghafla, na mbona mtoto aliyemaliza kadi anapewa tena. Ni swali zuri na sisi huwa tunakimbilia nyumba nyingine bila kulijibu. Sababu ni Malawi. Mwezi wa pili mwaka huu 2022 Malawi walitangaza mtoto wa kike wa miaka mitatu pale Lilongwe kapooza, na walipopima wakakuta ni polio yenyewe ya asili, na virusi vinafanana na vilivyokuwa vinazunguka Pakistan. Afrika nzima tulikuwa tumetangaziwa kwamba polio hiyo imeisha, mwezi wa nane 2020. Sisi Tanzania mgonjwa wetu wa mwisho wa polio hiyo ilikuwa 1996 na cheti cha kuimaliza tukapewa 2015. Malawi tunapakana nao, kwa hiyo mwezi wa tatu wakaanza kuchanja mikoa ya kule mpakani, Mbeya, Songwe, Njombe, Ruvuma, na sasa ndo nchi nzima. Tunampa hata aliyemaliza kwa sababu matone ya ziada hayamdhuru, ila mmoja aliyekosa akipata hivyo virusi anavipeleka kwa wengine.

Na hivyo virusi vinapita wapi, hapa ndo nataka wa ziwani wanisikilize. Vinatoka kwenye choo. Mtu akiwa navyo anaweza asiumwe kabisa, wengi hawaumwi, ila kinyesi chake kinavyo. Sasa nyie mnajua kambi za wavuvi zilivyo, choo hakuna au kimoja cha matete watu mia wanakitumia, na maji ya kunywa ni hayohayo ya ziwa unachota hatua kumi kutoka hapo. Kati ya watoto mia mbili wanaoambukizwa ni kama mmoja tu anapooza, ndo maana unaweza kukaa unaona hakuna shida kumbe inazunguka, na huyo mmoja akishapooza hakuna dawa ya kumrudisha.

Kijana_Mabatini mdogo wangu, Mungu ni kinga na mimi nasali. Ila vua shati uangalie bega lako. Kama kuna kialama kidogo cha mviringo hapo, hiyo ni chanjo ya kifua kikuu ambayo mama yako alikupeleka ukiwa mchanga. Hukumuomba, alikupenda akakupeleka.

BabaPendo_Buhongwa

Naomba niongee kama baba maana humu mara nyingi baba akikataa anaonekana mjinga tu.

Mimi nilikataa. Pendo alipochomwa ile ya wiki 6, ya pajani, usiku akapata homa, analia sauti imekauka, paja limevimba ukigusa anapiga kelele. Nilimlaza kifuani mpaka alfajiri nahesabu anavyohema. Hakuna mtu hata mmoja pale zahanati alikuwa kamwambia mama yake kwamba homa inaweza kuja, walimchoma wakasema mwingine aje. Nilipoenda asubuhi kuuliza nikajibiwa kama namsumbua mtu. Toka siku hiyo nikasema mwanangu harudi, na wala sikuwa nimeona video yoyote.

Afu ongeza na haya ya korona. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulisikia kwa masikio yetu, mwezi wa kwanza 2021 hayati Magufuli akiwa Chato alisema chanjo hazifai, tuendelee na za kwetu. Mwezi wa saba mwaka uleule Mama Samia akachanjwa mbele ya kamera na sisi tukaambiwa tukachanje. Miezi sita. Simlaumu yeyote, ila mvuvi aliyekaa kambini kisiwani akisikia hayo mawili na hakuna aliyekaa naye chini kumweleza kilichobadilika, ataamini nini? Ataamini rafiki yake aliye naye mtumbwini, maana huyo hajawahi kumdanganya.

Kilichonibadilisha ni mama mmoja jirani yetu, nesi mstaafu, alikuja jioni akakaa kwenye kigoda mlangoni hata hakuanza na chanjo, akamuulizia Pendo. Nikamwambia yote. Akasikiliza mpaka mwisho ndo akasema ile homa huwa inakuja, siku moja au mbili, mwili unajifunza, ungeambiwa usingeogopa, na mimi nakuomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Hilo neno radhi. Wiki iliyofuata nilimbeba Pendo mwenyewe.

Kwa hiyo dada usimwambie mumeo kwamba hajaelimika. Muulize anaogopa nini hasa afu mwache amalize.

Kijana_Mabatini

Nesi nimeangalia bega, alama ipo. Nimempigia mama kumuuliza, kasema alitembea kutoka Kisesa na mvua. Sikuwa najua hiyo habari.

Ila swali langu lingine ni la kweli, tutajuaje hiyo dawa ni nzima? Mnatembea juani siku nzima, ikiharibika je?

MamaMwaloni

Wanangu mimi sio mtu wa kuandika sana, binti yangu ndo kaniwekea hii. Nauza dagaa Kirumba pale Mwaloni toka zamani.

Nimezaliwa kisiwani 1971. Chanjo hizi wakati ule kwetu hazijafika. Mama yangu alinisimulia, nilikuwa na miaka miwili na nusu natembea nakimbiza kuku, nikashikwa homa kama homa ya kawaida tu, siku tatu. Usiku mmoja nikalala, asubuhi nikataka kushuka kitandani nikaanguka. Mama akadhani nacheza. Akaninyanyua nikaanguka tena. Mguu wa kushoto ulikuwa kama kitambaa.

Wakasema nimerogwa. Baba akauza ng'ombe wawili kwa mganga, afu akauza nyavu. Wakamsema mke wa baba mdogo kwamba ndo kaniroga, akafukuzwa na watoto wake, hakurudi tena mpaka anakufa. Mimi nilikuja kujua ni polio nikiwa mtu mzima, daktari mmoja aliniangalia mguu tu akaniambia. Nilikaa nje pale kwenye ngazi nikalia, sikulia mguu wangu, nilimlilia yule mama.

Mpaka leo kiatu cha kushoto nanunua cha mtoto. Naenda soko la mitumba natafuta vinavyofanana rangi, kimoja namba 38 kimoja 33, wauzaji wananijua wananiwekea. Ndoo ya dagaa siwezi kubeba, namlipa kijana. Watoto wanaotembea wakilala usiku waamke asubuhi watembee, mi ndo naomba hilo tu.

Mama wa Igombe, mume wako akitaka kuuona mguu huu aje Mwaloni aulize mama wa fimbo watamwonyesha. Simwoni kama mbaya. Baba yangu naye aliogopa akauza nyavu.

Nesi_wa_Kliniki

Mama shikamoo. Nimeshindwa kuandika kwa muda. Ahsante sana.

BabaPendo na wewe nakuomba radhi, ni kweli tunafanya hivyo, foleni inakuwa ndefu tunachoma tu. Ile homa na uvimbe wa paja kwa chanjo ya tano kwa moja, ile sindano moja ya magonjwa matano, unatokea kwa watoto wengi na unaisha, tulipaswa kusema kabla. Matone ya polio hayana sindano wala uvimbe, mtoto anayameza anaendelea kucheza.

Kijana swali lako la dawa kuharibika na joto, hilo ndo zuri kuliko yote na watu hawalijui. Kwenye kile kichupa cha matone kuna karatasi yake, angalia utaona kiduara cha rangi ya zambarau na katikati yake kuna kisanduku kidogo cheupe. Kile kisanduku kinahisi joto. Dawa ikipata joto kinaanza kuwa cheusi polepole na hakirudi nyuma hata ukiweka kwenye barafu. Kikiwa cheupe kuliko duara lake dawa nzima, kikilingana na duara au kikizidi weusi hiyo hatupi mtoto, inatupwa. Mzazi yeyote ana haki ya kusema dada nionyeshe kichupa. Mimi nikiulizwa hivyo nafurahi, siku nzima nimeulizwa mara moja tu.

Na MamaWatatu surua usiiache. Matone haya hayakingi surua. Wakati wa korona watoto wengi wamekosa chanjo zao dunia nzima, shirika la afya la dunia na UNICEF walisema mwaka 2020 peke yake ni milioni 23, na sasa surua ndo inarudi, miezi miwili ya kwanza ya mwaka huu 2022 wagonjwa wameongezeka kwa asilimia 79 ukilinganisha na mwaka jana. Surua ina kasi kuliko korona, mtu akikohoa ndani akatoka, hewa ile inaweza kuambukiza mpaka masaa mawili. Huyu wa miezi kumi na moja hajachelewa sana na huyu wa miaka mitatu pia bado anaweza kupata ile ya pili, nenda na kadi zote mbili. Ukikutana na mtu akakugombeza kwa kuchelewa mwambie nimekuja, basi.

MamaWatatu_Igombe

Wapendwa nimerudi, samahanini nimekaa kimya siku tatu.

Usiku ule nilimsomea. Simu yangu kioo kimepasuka kwa hiyo nilikuwa nasoma polepole, yeye kalala anaangalia juu ya bati. Nilianza na ya BabaPendo. Nilipofika pale kwenye kuhesabu mtoto anavyohema akakaa kitako. Ndo akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia miaka yote hii, kwamba kule kambini mwaka jana mwenzao alikufa kifua kilimbana, hawakujua ni korona au nini, walikuwa mbali na hospitali, yeye ndo aliyemshika kichwa kwenye mtumbwi mpaka wanafika nchi kavu ameshakata roho. Toka hapo, kasema, kila neno lenye korona ndani yake anasikia ule uzito mikononi. Mi nilikuwa nadhani ni video.

Ya Mama wa Mwaloni nilimsomea mwisho. Hakusema kitu. Asubuhi akatoka nikajua kaenda kuangalia nyavu, kumbe alipanda gari mpaka Kirumba. Alirudi mchana na dagaa kilo mbili, tuna dagaa ndani tele! Akaziweka mezani akasema, "Yule mama nimemsalimia." Sijamuuliza zaidi.

Juzi wamekuja, wasichana wawili na kiboksi chao cha bluu begani, jua kali. Akatoka yeye mlangoni, akawaambia nionyesheni kichupa. Mmoja akashtuka kidogo, mwenzake akakitoa akampa. Akakishika juu kwenye mwanga kama anavyoangalia matundu ya nyavu, akaniita na mimi nione, kisanduku cheupe ndani ya duara. Akauliza jina la dawa, wakamjibu, akauliza na mkubwa je, wakamweleza ni chini ya miaka mitano tu. Afu akamchukua mdogo akakaa naye kwenye kigoda, akamshika kidevu yeye mwenyewe, tone la kwanza tone la pili, mtoto akakunja uso akataka kutema akampuliza usoni akameza. Yule wa miaka mitatu alifungua mdomo kabla hajaitwa. Wakawapaka wino kidoleni wakaandika na chaki mlangoni, na ile chaki kawakataza watoto wasiifute.

Ya korona mwenyewe kasema bado, na mi sijamsukuma. Surua tumepanga Jumanne maana Jumatano giza linaanza na anataka awepo. Ila kadi ya huyu wa miaka mitatu panya wamekula upande wa chini, pale kwenye surua hapasomeki. Nesi nitakubaliwa hivyohivyo?

Nesi_wa_Kliniki

Utakubaliwa. Njoo na hicho kipande kilichobaki, kliniki uliyokuwa unaenda wana daftari la watoto, waombe waangalie mwezi aliozaliwa na mwezi uliompeleka surua ya kwanza, watamwandikia kadi nyingine. Wahini asubuhi, ile ya surua wanachanganya kichupa cha watoto kumi na kikishafunguliwa hakikai zaidi ya masaa sita, kwa hiyo wakikuta watoto wachache mtasubiri kidogo. Mwambie baba yao asichoke kusubiri.

MamaMwaloni

Alikuja kweli. Alinibebea ndoo mpaka kwenye gari. Wabeja sana mama, yani ahsante kwa Kisukuma.